Namna ya kumtafuta shoga yako wa enzi za intaneti kafe mkapatana, na nyumba yako ikabaki salama

Nianze na kiti. Kiti cha plastiki cha bluu kwenye kafe moja ya Ngamiani hapa Tanga, kiti kimoja watu wawili, mie nusu kalio yeye nusu kalio, jero nusu saa, kwenye kona ya skrini kuna saa inahesabu kurudi nyuma na mwenye kafe kakaa mlangoni na daftari lake hataki utani kabisa. Dakika zikiisha mashine inajifunga yenyewe hata kama uko katikati ya neno, jibu lako linasubiri Jumamosi ijayo. Picha nazo ilikuwa shughuli, maana ule mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar Julai 2009, sie tulikuwa tunatumia satelaiti, basi picha inashuka mstari kwa mstari, limekuja paji la uso, yamekuja macho, dakika zimeisha. Kuna mkaka wa Mombasa nimechati naye miezi minne sijawahi kuuona mdomo wake.

Kama ulikuwa na miaka 14 mpaka 18 kati ya 2002 na 2010 hivi na unajua ninachokisema, haya maelezo ni yako. Nimeulizwa sana nilimpataje yule mwenzangu wa kwenye kiti baada ya miaka kumi na sita ya kutosemeshana, nikaona bora niandike mara moja. Wanaume pia someni, najua na nyie mlikuwa na wenzenu, ila mifano yangu ni ya kike mtanisamehe.

Usikimbilie simu. Chukua daftari ukae chini kwanza, andika tabia tatu ulizozipata enzi zile ambazo mpaka leo unazo. Najua unaona ni mambo ya semina, ila fanya tu, maana ukimtafuta mtu kabla hujajua yale mambo yamekufanya nini utamrudia na tabia zilezile mtagombana tena ndani ya mwezi.

Nakupa yangu. Ya kwanza ni kubipu. Sie hatukuwa na salio, vocha moja ilikuwa inakaa wiki mbili huigusi, kwahiyo tukapanga lugha, bipu moja nimefika nyumbani salama, bipu mbili toka nje niko barazani kwenu. Mwenye salio ndo anapiga, asiye nalo anabipu na kungoja. Sasa sikia, nimekuja kuolewa 2014 na mtu wa Lushoto, kwao huko watu wanasemana machoni yakaisha, na mie nikiudhika nanyamaza. Nanyamaza nasubiri. Siku ya pili nanyamaza zaidi, nagonganisha masufuria kidogo, namwekea chakula namgeuzia mgongo. Miaka kama mitano nilikuwa naona huyu mwanaume hana hisia, mpaka siku moja akaniuliza taratibu tu, mke wangu ukinyamaza unataka nifanye nini? Nikakosa la kumjibu, ila moyoni nikasema si nimekubipu, piga basi! Ndo nikajishtukia. Kumbe muda wote nilikuwa nambipu mtu ambaye hajui lugha ya bipu, anaona simu imelia ikakata anasema aliyenitafuta atapiga tena.

Ya pili ni paswedi. Mie na shoga yangu tulikuwa na akaunti moja ya Yahoo, tulichanga kuifungua na tulichanga kuitumia, na tulijiona ndo urafiki wenyewe huo, kujua paswedi ya mwenzio. Hiyo nimeingia nayo kwenye ndoa nzima nzima. Wiki ya kwanza nadai namba ya siri ya simu ya mume, akisema ya nini naona kuna jambo.

Ya tatu, kutoweka. Ukigombana na mtu unazima mashine unaondoka, kesho unajifanya hayupo. Enzi zile ilikuwa rahisi kweli, leo nazo rahisi zaidi, unamblok mtu huku unakunywa chai. Nina wifi yangu nilimblok miezi mitatu kwa jambo la vyombo vya shughuli.

Yako yatakuwa mengine. Wapo waliozoea kusema ukweli kwa maandishi tu, ana kwa ana ulimi mzito. Joseph Walther, Mmarekani wa mambo ya mawasiliano, aliliandika hili 1996 kabla wengi wetu hatujagusa kibodi, kwamba watu wanaojuana kwa maandishi wanaweza kujiona wa karibu kuliko hata wanaoonana, kwa sababu unapata muda wa kuchagua maneno na yale usiyoyaona kwa mwenzio unayajaza mwenyewe kwa mazuri. Yule mkaka asiye na mdomo mie nilikuwa nimeshamwekea mdomo mzuri sana.

Lingine kabla hatujaendelea, na hili nasema kwa uzito. Vile vyumba vya kuchati vya kuulizana asl, yaani umri, jinsia na unakaa wapi, vilikuwa vimejaa watu wazima waliojiita wana miaka 17. Kama huyo "rafiki" unayemkumbuka alikuwa mtu mzima na weye mtoto, alikuwa anataka picha, anakwambia usimwambie mama, huyo usimtafute. Kama bado anakuumiza moyoni tafuta mtu wa kukusikiliza, si yeye.

Haya, kutafuta sasa. Yahoo Messenger yenyewe ilifungwa Julai 17, 2018 kwahiyo usihangaike nayo. Anza na makaratasi. Nenda nyumbani kwa mama, kuna daftari la anwani au nyuma ya daftari la Jiografia kuna namba umeandika kwa peni ya pinki. Utakuta namba za kizamani, usizitupe. Zile za 0744 zilikuja kuwa 0754, za 0741 zikawa 0713, za 0748 zikawa 0784, tarakimu sita za mwisho zikabaki vilevile. Ukipiga ikaita usianze na stori, uliza kwa adabu kama bado ni namba ya fulani, maana laini nyingi zilishabadilisha watu, na Januari 2020 zile ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kufungwa. Mie nilipiga yake akapokea mzee mmoja wa Mtwara, tukasalimiana vizuri tu, akaniombea dua nimpate.

Halafu Facebook. Ilifunguliwa kwa kila mtu wa miaka 13 kwenda juu Septemba 2006, ila sie wengi wa huku tumeingia baadaye kidogo na tumeingia na majina ya ajabu, kwahiyo usitafute jina la cheti tu. Tafuta lile la uchokozi, mrembo nani sijui, na namba za mwaka wa kuzaliwa nyuma. Ukishindwa ingia kwa mdogo wake au binamu yake uangalie picha za harusi, hapo hakuna mtu asiyeonekana. Na fungua lile boksi la meseji za watu usio nao urafiki, kwenye Messenger, watu hawalifungui kabisa. Mie nilikuta meseji ya mwalimu wangu wa Kiswahili ina miaka minne, na mwalimu mwenyewe keshahamia wilaya nyingine.

Ila Tanga hii bwana, njia ya mkato ni mguu. Nenda kwao. Kama ni Makorora nenda Makorora, kama ni Chumbageni nenda, piga hodi, msalimie mama yake, kaa, kubali maji ya kunywa. Mama atakwambia yote bila kuulizwa, kaolewa wapi, ana watoto wangapi, na kwanini hukuja kwenye msiba wa baba. Usiombe namba hapohapo. Acha yako, sema naomba umpe, akipenda atanitafuta. Hili watu wanalikosea mno, wanaomba namba kwenye grupu la shule, mtu anaidondosha mbele ya watu mia mbili bila mwenyewe kuulizwa.

Na kama unayemtafuta ni wa jinsia nyingine na una ndoa, mwambie wa ndani kwanza, kabla hujaandika hata salamu. Si kwa kuomba ruhusa kama mtoto, hapana, ni kwamba ukisema kabla ni stori na ukisema baada ni kesi. Na ukijiona hutaki kusema, hapo jibu unalo kwamba humtafuti kwa ajili ya urafiki.

Ukishapata pa kumwandikia, meseji ya kwanza ndo kazi kubwa, hapa watu wanaganda. Lara Aknin na Gillian Sandstrom, watafiti wa saikolojia, walilichunguza hili, matokeo yakatoka 2024, watu walikuwa na hamu ya kumwandikia rafiki wa zamani, namba wanayo, na muda wa kuandika wamepewa, na bado waliotuma walikuwa chini ya theluthi moja. Kilichosaidia ni kitu kidogo, wale walioanza kwa kuwaandikia marafiki zao wa sasa kwa dakika tatu, baadaye walituma wengi zaidi. Kwahiyo fanya hivo. Msalimie jirani, mtumie dada yako kichekesho, mkono ukishapata moto ndo umwandikie yeye.

Usiandike "mambo". Usiandike "umenisahau eeh", hiyo ni lawama imevaa khanga. Usitume sauti ya dakika nne. Na kumbuka kwa Mtanzania wa leo, rafiki aliyepotea miaka kumi akiibuka ghafla ana mawili, kadi ya mchango au biashara ya virutubisho. La tatu ni tapeli, ile ya tuma kwenye namba hii. Kwahiyo mtoe hofu mapema, na jitambulishe kwa jambo ambalo mnalijua nyie wawili tu. Yangu ilikuwa hivi:

"Assalaam aleikum shoga. Mie ni ile nusu kalio ya pili ya kiti cha bluu. Sina mchango, sina biashara, na sijafiwa. Leo nimepita pale kafe, sasa hivi wanauza vitenge, nikakukumbuka. Ukijaaliwa kunijibu ntafurahi, usipojibu pia nakuombea heri."

Basi. Fupi, ina jambo moja la kuonekana kwa macho, haimdai jibu. Yakaja matiki mawili ya bluu, kimya. Siku tisa mwenzangu! Hapo ndo tabia zako za kwenye daftari zinaamka, utataka kumbipu, utataka kuweka stetasi ya mafumbo kwamba wengine wakipata wanasahau walikotoka. Usiweke. Yule ana mume, ana watoto, ana mkopo, na labda ana kitu juu yako ambacho weye hukijui. Ukipita mwezi mkumbushe mara moja tu kwa upole, kisha acha moja kwa moja.

Siku ya kumi akajibu, "Nilijua ipo siku utakuja. Jumapili nakuja mjini."

Mkikutana chagua mahali pa wazi, mchana, na weka saa ya kuondoka mapema, sema kabisa saa kumi na moja lazima niwe nyumbani. Msikutane nyumbani kwako mara ya kwanza, utashinda jikoni unakaanga badala ya kuongea, na yeye atashinda anaangalia makochi. Sie tulikaa Raskazone chini ya mti upepo wa bahari unatupiga, yeye katoka Muheza na mfuko wa machungwa kama watu wa Muheza wote, mie nimekuja na kachori na chupa ya chai.

Sasa naomba unisikilize hapa. Uende ukiwa umejiandaa kuambiwa kitu ulichofanya. Mie nilikwenda na ugomvi wetu niliokuwa naujua, kwamba 2006 tukiwa kidato cha nne tuligombania yule mkaka wa Mombasa, yeye alimjibu kwa jina langu bila kuniambia, na mie kwa hasira nikabadilisha paswedi ya ile akaunti yetu. Nikaona tutacheka. Nilishaiandaa mpaka stori ya mdomo kutoonekana.

Akachukua chungwa akaanza kulimenya, ganda linashuka refu halikatiki, na anaongea akiliangalia chungwa. Akasema, unajua ile akaunti ndo baba alikuwa ananiandikia? Baba yake alikuwa Maskati kikazi, na mie hilo nilikuwa silijui, kumbe zile Jumamosi alikuwa anawahi kabla yangu kusoma barua zake, kisha anazihamisha ili nisizione maana alikuwa anaona haya, baba alikuwa anamwandikia kama mtoto mdogo. Mie nikabadilisha paswedi. Akanikumbusha kwamba alikuja kwetu mara mbili kuiomba na mara zote nilimwambia nimeisahau. Mwaka uliofuata baba akafariki hukohuko. Barua za miezi saba hajazisoma. Ganda likafika mwisho, akalikunja akaliweka kwenye mfuko, akanipa mimi kipande cha kwanza.

Sikuwa nimeisahau wallahi. Naikumbuka mpaka leo, jina la paka wao na 88. Usiku ule niliiandika kwenye simu, akaunti haipo, Yahoo zile zisizofunguliwa mwaka mzima wanazisafisha.

Kwahiyo namna ya kuomba radhi kwa kitu kisichorudi, hili nimejifunza palepale kwenye mkeka. Litaje jambo kwa jina lake, nilikunyima paswedi na nilikudanganya nimesahau, siyo "kama nilikukosea". Usiseme tulikuwa watoto, hilo ni lake yeye kulisema akitaka, na alikuja kulisema lakini ilikuwa baada ya wiki sita. Usilie kwa sauti mpaka yeye ndo akubembeleze. Na usiombe usamehewe hapohapo, nyamaza, kula chungwa. Huu ndo ukimya pekee ambao nimewahi kukaa bila kusubiri mtu apige.

Niliporudi nyumbani nikamsimulia mume wangu yote, na nikamwambia namba ya siri ya simu yako sitaki tena kuijua, badilisha. Akaniangalia kama nimepandisha kitu kichwani. Akaibadilisha siku ya tatu, nadhani alikuwa anangoja nijirudi. Lile la kunyamaza bado nalifanyia kazi, tumekubaliana nikiudhika niseme tu "nabipu", neno moja, yeye anajua ni zamu yake kuuliza. Inachekesha, ila inafanya kazi kuliko masufuria. Jaribu na weye, mfundishe mtu wa ndani lugha ulizokuja nazo kutoka kule, hawezi kuziota.

Baada ya kukutana usiahidi makubwa. Hakuna kusema tutaonana kila wiki, tufungue biashara, watoto wetu waoane. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria 2018 kwamba watu wanahitaji kama saa 50 pamoja wawe marafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 wawe wa chanda na pete. Nikapiga hesabu za kile kiti, nusu saa kila Jumamosi kwa miaka mitatu hata mia hazifiki, nyingine zote zilikuwa barazani na njiani tunarudi kwa miguu kuokoa nauli. Kwahiyo msitegemee kuchati peke yake. Tafuteni kitu kidogo cha kufanya pamoja kisichohitaji mipango, yeye akija mjini kununua mahitaji namsindikiza Mgandini, mie nikienda kwa mkwe napitia kwake Muheza hata nusu saa.

Na tumerudisha bipu. Kila Ijumaa baada ya swala anabipu moja, maana yake yuko salama, nami nabipu moja, hakuna anayepiga na hakuna anayekasirika, na mume wangu ameshazoea simu kulia na kukata bila kuuliza nani. Ijumaa iliyopita zikaja tatu. Tatu hatukuwahi kupanga maana yake, nikakaa nayo kama dakika mbili hivi moyo unanidunda, nikapiga. Kumbe mtoto wake wa mwisho alikuwa anaichezea simu. Tukaongea dakika arobaini, salio likaisha nikiwa katikati ya neno.